Mwalimu Mpya wa Miaka Sitini na Miwili

Nianze kwa kuwatega, maana nisipotega mdomo unaniwasha. Mgeni wangu huahidiwa kila mwisho wa mwezi, husifiwa hata na wasiomjua, akifika halali hata usiku mmoja, na akiondoka mwenyeji wake ana njaa ile ile. Ni nani?

Mmeshindwa. Nipeni mji. Haya, nimeupokea, nimekwenda, nimezunguka sokoni kwake, nimerudi. Ni mshahara wa kuanzia wa mwalimu wa sekondari ya serikali.

Na sisi nyumbani huyo mgeni hata hajabisha hodi.

Aliyenikosa wiki iliyopita asihangaike, mambo ni machache. Mjukuu wangu kasoma mpaka chuo kikuu, kaajiriwa kufundisha hisabati. Shule ikampa chumba kilichokuwa stoo ya vifaa vya michezo, nami nikamfuata nimtunzie. Mpaka leo tunalala na wavu wa mpira juu ya vichwa vyetu kama samaki. Huu ni mwezi wa tano bila mshahara kuingia. Redio imeuzwa. Cherehani yangu imeuzwa. Niliwaacha pale tulipobaki na sufuria mbili, tukawa tunaziangalia tuone ipi inatupenda zaidi.

Mjukuu huyu mimi namwita somo, naye akinidekea huniita hivyo hivyo, kwa sababu alipozaliwa alipewa jina langu. Baba yake ni mwanangu, nami natumia la mume wangu, kwa hiyo hata la ukoo ni moja. Likiitwa jina, tunaitika wawili. Shikeni hilo, msiliache lianguke.

Sasa naungama.

Jumatano alfajiri Somo aliamka akapiga pasi gauni lake la kazi, akavaa na viatu vya kazi, halafu asiende kazini.

"Bibi, leo nakwenda makao makuu mwenyewe. Wakanieleze usoni mshahara wangu umekwama wapi."

"Mkuu wa Shule kakuruhusu?"

"Nimemwomba mara tatu. Kila mara ananiuliza, ukiondoka nani atashika darasa?"

"Na wewe umemjibuje?"

Akanitazama. Nikageuka nyuma nione anamtazama nani. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

"Somo," nikamwambia, "mimi nimeishia darasa la saba."

"Maswali nimeshaandika ubaoni. Wewe kaa tu kwenye kiti, uvae miwani. Wakipiga kelele, waangalie kama unavyomwangalia mlinzi."

Mlinzi wa getini ni darasa la saba mwenzangu, na ulimi wake hauna mlango. Aliponiona saa sita mchana navuka uwanja na daftari kwapani akasimama wima akanipigia saluti.

"Bibi, na wewe wamekuajiri?"

"Wameniajiri."

"Pole. Mimi kampuni yangu inanilipa kila tarehe ishirini na nane, na hilo neno hisabati siwezi hata kuliandika. Mjukuu wako ana picha ya joho ukutani, jana kaja kunikopa vocha."

"Atakulipa."

"Najua. Hivi huo mshahara wenyewe ukija, ni kiasi gani?"

"Ukitoa makato, ukatoa mkaa, sabuni, na kidogo cha kumtumia mama yake, inabaki nauli ya kwendea kazini."

"Na ya kurudia?"

"Ndiyo maana tunalala kazini."

Akacheka mpaka akashika nguzo ya geti. Mimi nikaenda zangu, nimevaa uso wa mwalimu.

Kidato cha Pili wamo hamsini na wawili kwa madawati thelathini. Wakasimama wote, "Shikamoo Bibi," nikaitikia, nikakaa. Kiranja wao ni binti mwembamba, msema kweli kupita kiasi. Huyo ndiye aliyewahi kumwandika dada yake mwenyewe kwenye orodha ya wachelewaji, na walitoka nyumba moja.

Dakika kumi walikuwa kimya. Ya kumi na moja darasa likaanza kuvuma kama mzinga wa nyuki. Nikawaangalia kama ninavyomwangalia mlinzi. Hawakuogopa. Hata mlinzi haogopi, sijui Somo alinidanganya kwa nini.

Basi nikatumia silaha yangu.

"Kitendawili."

"Tega," wakajibu hamsini na wawili, na kimya kikashuka.

"Mmeona? Neno hilo halikataliki. Marehemu mume wangu aliwahi kuninunia siku tatu. Haombi maji, haulizi chumvi. Siku ya nne nikapita mlangoni na ndoo, nikasema kitendawili. Akasema tega. Alijing'ata ulimi, lakini lilikwisha toka. Mtu yeyote aliyelelewa na bibi, ukimtamkia hilo neno, atasema tega hata kama ana jino linauma."

"Hata mwizi?" akauliza mmoja wa nyuma.

"Hata mwizi, tena juu ya paa."

Kiranja akanyoosha kidole. "Hata mtu mwenye cheo?"

"Cheo hakizibi masikio, mwanangu."

Tulikuwa tumefikia kitendawili cha tatu, mimi nimesimama nimeshika chaki ili nionekane wa maana, mlango ukafunguliwa.

Akaingia Mkuu wa Shule. Nyuma yake mwanamume wa miaka arobaini hivi, suti ya kijivu, faili kubwa kwapani, muhuri unachungulia mfukoni. Jasho la Mkuu lilinieleza yote kabla hajafungua kinywa.

"Huyu ni Afisa kutoka makao makuu," akasema. "Anapita kuhakiki walimu. Anataka kumwona kila mmoja kwa macho, yuko darasani kwake."

"Jina bila mtu tunalifuta," akasema Afisa. "Tumechoka kulipa vivuli." Akafungua faili. "Hapa nina mwalimu wa hisabati, yumo kwenye miezi yake ya majaribio. Nimeambiwa kipindi hiki ni chake."

Nawaapia, sikupanga. Nilimwona Somo wangu akikatwa kwa mstari mwekundu, siku ile ile aliyokwenda kuulizia haki yake. Ulimi ukanitangulia.

"Ni mimi."

Darasa likavuta pumzi moja. Mkuu akanitazama, akatazama dari, akatazama viatu vyake. Nikajua anapiga hesabu: mwalimu hayupo darasani na mkuu wake hana habari, ni nani atakayeulizwa?

Akakohoa. "Ndiye," akasema.

Tukawa waongo wawili.

Afisa akanitazama toka kwenye kilemba mpaka kwenye kandambili. Nikangoja acheke. Hakucheka. Alifanya jambo lililonishtua zaidi.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Jina lako kamili?"

Nikalitaja. Hapo sikudanganya hata herufi moja.

Akafuata mstari kwa kidole, akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyepata funguo zake. "Sawasawa. Endelea na kipindi, Mama. Nitakaa hapa nyuma."

Na kweli akaenda kukaa, akabanwa baina ya wasichana wawili na faili lake.

Nikageukia ubao. Somo alikuwa ameandika tatu, ikifuatiwa na kialama kama msalaba ulioanguka, jumlisha tano, ni sawa na hamsini. Zamani zetu msalaba huo ulikuwa alama ya kukosa. Nikautazama, nao ukanitazama.

Mkuu mlangoni aliacha hata kukohoa.

Nikasema moyoni, mjinga akizidiwa hurudi kwa anachokijua. "Kitendawili."

"Tega."

"Nina mifuko mitatu imefungwa. Kila mfuko una machungwa, na yote ni sawa kwa sawa. Nje ya mifuko kuna machungwa matano. Ukiyakusanya yote ni hamsini. Sitaki mtu afungue mfuko. Niambieni ndani mna mangapi."

Vichwa vikainama kwenye madaftari. Halafu minong'ono. Halafu yule wa nyuma, ambaye Somo huniambia hajawahi kupata hata nusu, akasimama mwenyewe.

"Bi... Mwalimu, yale matano ya nje tuyaweke pembeni kwanza. Yanabaki arobaini na tano. Mifuko mitatu. Kumi na tano kila mmoja."

"Na huo msalaba ulioanguka ni nini?"

Akautazama ubao kana kwamba umeoshwa. "Ni mfuko."

Darasa zima likasema aaa, kama watu walioonyeshwa mlango uliokuwapo siku zote. Nami nilikuwa mmoja wao. Nilikaa miaka yangu yote bila kujua kwamba ule msalaba ni mfuko.

Afisa akasimama, akapiga makofi mawili ya adabu. Nikajisemea, tumepona.

"Miaka kumi na mitano nakagua shule," akasema akija mbele. "Sijaona hisabati ikiingia vichwani hivi. Vijana wa siku hizi hawana hii. Hii ni kazi ya mtu wa zamani. Uzoefu hauwezi kujificha."

"Ahsante, mwanangu."

"Na ndicho kinachonisikitisha, Mama."

Akalaza faili mezani.

"Nikueleze ukweli. Kwa muda wa miezi mitano kompyuta imekataa kukulipa. Inasema umri wako umepita. Mwisho wa kazi ni miaka sitini, na wewe hapa umeandikwa sitini na miwili. Pale ofisini wenzangu walicheka. Wakasema hili ni kosa la karani, hakuna mtu anayeanza kazi kwa mshahara ule wa kuanzia akiwa na miaka sitini na miwili, atakuwa na wazimu. Mimi nikasema sitafuta wala sitarekebisha bila kuona. Nimeendesha gari kwa muda wa saa tatu nije kuona."

Akanigeuzia karatasi. Nikasogeza miwani.

Wajukuu zangu, tarehe ile ilikuwa ya kwangu. Siku yangu, mwezi wangu, mwaka wangu, hata kijiji alichonizalia mama yangu.

Na hapo ndipo kumbukumbu iliponipiga kofi.

Siku ya kujaza fomu za ajira nilimsindikiza Somo. Alipoingia kupiga picha alinipa mkoba akaniambia, "Bibi, karani akiita mpe kitambulisho changu." Karani akaita. Mimi miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani, ndani ya mkoba mlikuwa na vitambulisho viwili, na vyote vina jina moja. Nikatoa kimoja kwa kujiamini kabisa. Karani akanakili, akanirudishia, nikasema ahsante.

Miezi mitano nimekuwa nikimlaani huyo karani, na benki, na kompyuta. Nimeuza na cherehani kwa hasira. Kumbe mkono wenyewe ni huu hapa, huu niliokuwa nimeshikia chaki.

"Ningekuta hapa binti wa miaka ishirini na kitu," Afisa akaendelea, "ningerekebisha hapo hapo, na Ijumaa hii mshahara wa miezi mitano ungetoka wote kwa pamoja. Lakini ndiyo hivyo. Macho yangu yameona. Kompyuta haikukosea."

Nikaiweka chaki mezani.

"Mwanangu," nikasema, "nikikuambia mimi si mwalimu, je?"

Akatabasamu kwa huruma. "Mama, kila mwalimu ninayemstaafisha hunieleza jambo la ajabu. Wiki jana mmoja aliniambia yeye ni pacha."

"Nakuambia kweli."

Tabasamu likapungua. "Kama wewe si mwalimu, basi mwalimu yuko wapi? Maana aliye kwenye majaribio akiacha darasa bila ruhusa, huyo hapati onyo. Ni barua moja tu, ya kwenda nyumbani. Na Mkuu wake aliyeniambia 'ndiye' atanieleza vizuri."

Mkuu akashikwa na kikohozi ambacho dawa yake haijatengenezwa.

Kitendawili ndicho hicho. Nikisema ni mimi, ajira ya Somo inafutwa kwa uzee wangu. Nikisema si mimi, inafutwa kwa kukosekana kwake. Nyumba ina milango miwili na yote inatokea kisimani.

"Mwalimu alikuwa..." Mkuu akaanza, akaishia hapo.

Afisa akatoa kalamu. "Weka sahihi hapa chini, Mama, kwamba umehakikiwa. Mengine utaletewa barua. Na usihuzunike, umefanya kazi nzuri kwa muda uliokuwapo."

Muda uliokuwapo ulikuwa dakika arobaini.

Nikashika kalamu. Nikajifanya haitoi wino. Akanipa nyingine. Nikajifanya sioni mstari. Akauonyesha kwa kidole. Nilipokuwa nautafuta uongo wa tatu, nikasikia viatu vinakimbia kwenye korido. Kimoja kinalia ta, kingine pu, kama vya mtu aliyekatika kisigino.

Mlango ukafunguka. Somo. Jasho kama kamwagiwa maji, kiatu kimoja kimepinda, vumbi mpaka magotini.

"Samahani," akasema akihema, "makao makuu wameniambia kuna Afisa amekuja huku, anataka kuniona mimi mwenyewe kwa..."

Akaona suti. Akaona faili. Akaniona mimi na kalamu.

"Bibi," akasema taratibu, "unaandika nini?"

"Bado sijaandika."

Afisa akamgeukia. "Na wewe binti, ni nani?"

Somo akamtazama Mkuu. Mkuu akafunga macho. Akanitazama mimi. Sikuwa na uso wa kumwonyesha. Basi mtoto wa watu akafanya nililomfundisha tangu akiwa na meno mawili, akiulizwa jina aseme jina. Akalitaja.

Afisa akalitafuta kwenye karatasi ingawa alikuwa akilijua.

"Hilo ni jina la mwalimu huyu."

"Ndiyo," akasema Somo, "na ni langu."

"Na huyu mama anaitwa nani?"

"Hivyo hivyo."

Afisa akachukua kalamu kutoka mkononi mwangu, akaifunga kifuniko. Polepole. Watu wenye hasira za kweli hufanya mambo polepole.

"Kati yenu kuna anayenidanganya, na sitaki tena kusikia neno la mtu mzima humu ndani." Akaligeukia darasa. "Kiranja ni nani?"

Binti yule mwembamba akasimama. Kati ya wote hamsini na wawili, kaitwa aliyemwandika dada yake.

"Wewe unaonekana mkweli."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Uniambie kweli tupu. Hawa wawili, mwalimu wenu wa hisabati ni yupi?"

Nilimwona akinitazama mimi. Nikamwona akimtazama Somo, na kile kiatu kilichopinda. Mlangoni, nyuma ya Mkuu, mlinzi naye alikuwa amefika, kofia mkononi. Kiranja akiniteua mimi, Somo kafutwa. Akimteua Somo, Somo kafukuzwa. Na uongo haujui, masikini, hakufundishwa.

Akanyoosha sketi yake. Akaunganisha mikono nyuma kama mtu anayetaka kuimba.

"Mheshimiwa," akasema, "kitendawili."

Mkuu akashika ukuta. Afisa akapanua kinywa kumkaripia, mshipa ukamsimama shingoni, faili likapanda juu tayari kupigwa mezani.

Halafu likabaki huko huko juu. Na usoni mwake akapita, kwa kitambo kidogo tu, mtoto wa miaka sita aliyekaa mkekani kwa bibi yake.

Akajing'ata ulimi. Lakini lilikwisha toka.

"Tega."